Nondo wa gugu-maziwa: kabla hujaua, uliza jina



Nimepotea wiki nne nzima bila kuandika humu, na kuna watu wawili watatu wameniuliza kama bado napumua. Napumua. Nilikuwa bize na viwavi. Ndiyo, umesoma vizuri, viwavi, wale madudu wenye manyoya ambao tulipokuwa watoto tukiwaona mtini tunatimua mbio huku tunapiga kelele "washawasha!" Leo nataka niwasimulie habari zao, maana mwezi huu nusura wauawe wote mbele ya macho yangu, na ilibidi nifanye kitu.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Pale Mlimani ukisikia fulani kashusha nondo, ujue katoa hoja nzito. Ukienda saiti, fundi naye ana nondo zake za zege. Mimi naongelea nondo mdudu, ndugu yake kipepeo, yule anayekuja kuzunguka taa usiku wakati wewe unabukua.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nipo mwaka wa nne, nasoma sayansi ya mazingira kwenye chuo kimoja jimbo la Indiana, Marekani. Ukitoka nje ya mji ni mahindi na soya, mahindi na soya, mpaka macho yachoke. Nyuma ya bweni letu kuna bustani ndogo ya vipepeo inayotunzwa na kikundi cha kujitolea, wanafunzi pamoja na wazee wa mtaani. Mimi nilijiunga mwaka wa pili kwa sababu ya kukumbuka nyumbani Morogoro tu, nilitaka kushika udongo.

Mmea mkuu kwenye ile bustani ni mmoja ambao mimi nauita gugu-maziwa, kwa kufuata jina lake la huku. Jina la kitaalamu ni Asclepias syriaca. Ukikata jani lake linatoa utomvu mweupe kama maziwa, unaonata kama ulimbo. Si maziwa ya kunywa hayo, jamani. Ndani yake mna sumu zinazovuruga moyo, na wadudu wengi wakionja wanaacha. Wachache walioweza kuuzoea ndio wanaishi juu yake, na maarufu kuliko wote ni kipepeo mfalme, Danaus plexippus, yule wa rangi ya chungwa na mistari myeusi. Kila msimu wa kupukutika majani vipepeo hawa wa upande huu wa Marekani wanaruka maelfu ya kilomita mpaka milima ya Mexico ya kati kwenda kukwepa baridi. Idadi yao imeshuka sana, na Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza waingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Sababu mojawapo ni kwamba gugu-maziwa limefyekwa mashambani, hasa tangu 1996 zilipoanza kulimwa soya zinazostahimili dawa ya magugu ya glyphosate. Mkulima ananyunyiza, soya inabaki, gugu-maziwa kwaheri.

Kwa hiyo watu wanapanda gugu-maziwa kwa ajili ya mfalme. Wanamhesabu, wanampiga picha, watoto wa shule wanaletwa kumwangalia. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Wiki ya kwanza ya muhula, mwisho wa Agosti, mratibu wetu aliona mashina matatu majani yamebaki nyavu. Chini ya majani kulikuwa na viwavi wadogo wamejazana kama watu kwenye daladala la saa kumi na mbili jioni. Jumanne tukapata ujumbe: Jumamosi saa tatu asubuhi kila mtu aje na ndoo, maji na sabuni ya vyombo. Wavamizi wanakula chakula cha mfalme. Tuwazamishe wote.

Mimi lile neno "wavamizi" lilinikaa vibaya. Nani kasema ni wavamizi? Hakuna aliyetaja jina lao. Ni wengi, wana manyoya, wanakula: basi, hukumu imetoka. Lakini mratibu wetu ni mama mtu mzima, amestaafu, ameshika jembe kwenye bustani ile tangu mimi niko shule ya msingi. Kwa malezi niliyolelewa humpingi mama wa umri ule mbele za watu kwa sababu tu ya hisia zako. Ukienda kwake nenda na ushahidi. Nilikuwa na siku nne.

Jumanne jioni nikachukua jani moja lenye viwavi kama kumi na wawili, nikaliweka kwenye kopo lenye matundu. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja, binti wa Mombasa, akaruka juu ya kitanda.

"Shoga, ushaleta madudu ndani?"

"Ni wageni wa siku nne tu."

"Wageni hawaji na mizigo ya manyoya. Hiyo kopo iweke upande wako, na ikifunguka mimi nahamia kwa jirani."

Sawa. Kazi ikaanza.

Hofu ya kwanza ya watu wa huku wakiona kiwavi mwenye manyoya ni Lymantria dispar. Huyo kweli ni mvamizi. Alitoroka Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1860 mikononi mwa Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, aliyekuwa akifuga wadudu nyumbani kwake, na mpaka leo anamaliza misitu ya mialoni. Nikamwangalia vizuri kwenye picha: mgongoni ana jozi tano za madoa ya bluu halafu jozi sita za madoa mekundu, na chakula chake ni majani ya miti, msimu wa machipuko mpaka mwanzo wa kiangazi. Wangu hawana doa la bluu wala jekundu, wanakula gugu-maziwa, na ni mwisho wa Agosti. Huyo nikamfuta.

Wa pili kumfikiria ni mfalme mwenyewe, lakini huyo hata mtoto hamkosei. Kiwavi wa mfalme ni laini, hana manyoya, ana mistari myeusi, ya njano na myeupe, na ana jozi mbili za nyuzi nyeusi, moja mbele na moja nyuma. Tena mama yake hutaga yai moja moja, hapa moja, pale moja. Ukikuta umati, si yeye.

Halafu wapo ndugu wawili wa karibu. Cycnia tenera ana manyoya ya kijivu-weupe ya rangi moja mwili mzima, naye anapenda zaidi mmea jirani wa gugu-maziwa uitwao Apocynum. Cycnia inopinatus ana mwili wa rangi ya chungwa na manyoya ya kijivu, na anaonekana zaidi kwenye Asclepias tuberosa, lile lenye maua ya chungwa. Wangu walikuwa wadogo, wa kijivu, manyoya haba, kwa hiyo hapo nikakwama. Kiwavi mchanga ni kama mtoto mchanga, kila mtu anaona anafanana na mjomba.

Jibu nililipata bustanini, Alhamisi. Kwenye shina la nne, ambalo hakuna aliyelikagua, nilikuta wakubwa zao. Jamani! Mashada ya manyoya meusi, meupe na ya rangi ya chungwa, yamesimama mbele na nyuma kama brashi, kichwa cheusi tii. Nilipogusa jani, mmoja akajikunja kama konzi na kuanguka chini. Hapo sikuwa na shaka tena: Euchaetes egle. Jina hilo la egle alipewa mwaka 1773 na Dru Drury, mfua fedha wa London aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Na makazi yake ni hapahapa, kuanzia kusini mwa Kanada kushuka mpaka Florida, na magharibi mpaka Minnesota na Texas. Kwa maneno mengine, hakuvamia mahali. Yeye ni mwenyeji, tena mwenyeji wa haki kabisa. Hizo soya ndizo zimekuja juzi.

Ngoja niwaeleze maisha yake kwa ufupi, maana ndiyo yaliyonipa hoja ya kwenda nayo kwa mama.

Nondo jike hutaga mayai kwa fungu chini ya jani, amelifunika kwa nywele laini kama pamba. Wakianguliwa wanabaki pamoja, wanakula kwa ushirika. Wakiwa wadogo hawathubutu kugusa mishipa ya jani kwa sababu ndiyo yenye ule utomvu, na utomvu ukimgandia mdogo mdomoni amekwisha. Kwa hiyo wanakwangua nyama ya jani katikati ya mishipa, ndiyo maana linabaki kama wavu. Wakikua wanapata akili nyingine: wanang'ata mshipa kwanza, utomvu unamwagika hapo, kisha wanakula sehemu ya mbele ambako maziwa hayafiki tena. Fundi bomba anafunga koki kwanza ndipo anakata bomba, si ndiyo? Ndivyo hivyo.

Wakivaa yale mashada wanaanza kutawanyika, kila mmoja na njia yake. Mwisho anashuka chini kwenye majani makavu, anajifumia kifuko cha kijivu, na hapohapo anachanganya yale manyoya yake mwenyewe kwenye ufumaji. Ndani anageuka kuwa pupa, na pupa ndiye anayevuka majira ya baridi. Kaskazini hupata kizazi kimoja kwa mwaka, kusini viwili au zaidi.

Sasa chukua hiyo uilinganishe na mfalme. Mfalme hupendelea mimea michanga, majani mororo. Egle hupendelea mimea mikubwa iliyokomaa, majani magumu ya mwisho wa msimu. Na gugu-maziwa lenyewe lina mizizi inayotambaa chini ya ardhi, halifi kwa sababu limekwanguliwa majani mwezi Agosti. Mwakani linachipua tena. Hawa wawili wamekula sahani moja kabla Marekani haijaitwa Marekani, na hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Jumamosi nikawahi saa mbili na nusu ili nimpate mama peke yake. Nilimkuta, lakini mwenzetu mmoja alikuwa amewahi zaidi yangu. Shina la kwanza lilikuwa limekwishakung'utwa ndani ya ndoo. Maji ya sabuni, povu, na juu yake vidoti vya kijivu vinaelea, havitikisiki. Sikusema kitu. Ungesema nini? Nilimwomba mama pembeni, nikamwonyesha kopo langu, nikamwonyesha wale wakubwa wa shina la nne, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Akauliza swali moja tu: kama tukiwaacha, mfalme atakosa chakula? Nikamwambia tuhesabu. Tukahesabu mashina yote ya bustani, sitini na moja. Yenye viwavi wa egle yalikuwa manne, moja limeshasafishwa. Yenye viwavi wa mfalme tuliyaona matano, yote machanga, yaliyochipua upya baada ya watu wa bustani kukata nyasi Julai.

Mama akakaa kimya kidogo, kisha akaenda akamwaga ndoo yake ambayo ilikuwa bado haijatumika. Akasema mashina matatu yaachwe. Si wote walifurahi. Dada mmoja alisema yeye anajitolea kwa ajili ya mfalme, si kwa ajili ya nondo wa kijivu asiyejulikana na mtu. Namwelewa. Lakini ndipo palipo na tatizo penyewe: mfalme ana wapambe wengi, egle hana msemaji hata mmoja, na dawa ya shambani inawafyeka wote wawili kwa pamoja. Bustani ikiitwa ya vipepeo halafu tukachagua nani ale na nani azamishwe kwa kuangalia uzuri wa sura, itakuwa tunatunza picha ya kalenda, mmea tumeusahau.

Na huyo wa kijivu asiyejulikana, ngoja nimtetee kidogo. Akitoka kwenye kifuko ni kweli mabawa yake ni ya kijivu kama panya, hayana urembo wowote, akiyatandaza yanafika kama sentimita tatu hadi nne. Ila mwinue bawa uone tumbo: njano kali, na madoa meusi yamepangwa mstari. Huo ni mchana. Usiku ana jambo kubwa zaidi. Sehemu ya sumu ya gugu-maziwa inaweza kubaki mwilini mwake mpaka ukubwani, lakini gizani popo haoni rangi ya njano. Kwa hiyo nondo wa ukoo huu wana kiungo kifuani kinachotoa mlio wa kutiktika, wa juu mno kwa masikio yetu. Popo anakuja kwa mlio wake, nondo anamjibu kwa wake. Mwaka 1965 Dorothy Dunning na Kenneth Roeder walionyesha kwamba popo wakisikia mlio wa nondo hawa wanageuza njia. Mwaka 2007 Jesse Barber na William Conner wakaonyesha kwamba popo akishaonja mmoja mchungu mwenye mlio, anamkwepa hata wa aina nyingine mwenye mlio kama huo, awe mchungu kweli au anaigiza tu. Yaani juu ya vichwa vyetu, wakati sisi tunatoka maktaba usiku tumechoka, kuna watu wanaambiana "niache, mimi mchungu" na hatusikii kitu.

Wale kumi na wawili wa kwenye kopo mama aliniruhusu niwalee, niwe nawachunia majani kutoka kwenye mashina yale matatu. Usiwachukulie poa, wanakula kama wanafunzi siku boom limeingia. Wiki ya pili wakaota mashada. Wiki ya tatu wakaanza kutangatanga ndani ya kopo, nikawahamishia kwenye boksi lenye majani makavu. Watatu walikufa, mmoja akiwa ametobolewa: kuna nzi wa familia ya Tachinidae ambao mabuu yao humla kiwavi kwa ndani, nadhani ndiye. Tisa wamefuma vifuko. Rafiki yangu wa Mombasa, yule aliyetaka kuhama, sasa ndiye anayeniamsha asubuhi: "Njoo uone, wa mwisho naye kajifunga!" Ameshawapa majina ya mitaa ya Mombasa. Likoni bado anatikisika kidogo ukimgusa.

Boksi liko nje sasa, kwenye kivuli cha ukuta wa bustani, maana wakikaa ndani kwenye joto la chumba wanaweza kutoka katikati ya baridi wakakosa mmea na mwenza. Wanahitaji kuipitia hiyo baridi. Watatoka mwakani, joto likirudi, pengine Mei, pengine Juni. Mimi nahitimu mapema Mei, na tiketi ya kurudi nyumbani baba ameshaanza kuiulizia. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa nisimwone hata mmoja akiruka. Nimekubaliana na mama mratibu atalichukua boksi yeye. Jana ameniuliza mwenyewe, bila mimi kumkumbusha, kama lifunikwe na theluji au lisogezwe. Nimemwambia liachwe lifunikwe.

Kwa nyinyi mlioko nyumbani, msidhani hii ni hadithi ya wazungu. Ukoo wa gugu-maziwa upo Afrika Mashariki. Sehemu kavu kuna Calotropis procera, yenye majani mapana ya kijani-kijivu na utomvu mweupe, na kuna Gomphocarpus physocarpus, wenye matunda kama puto lililoota vinywele. Juu ya mimea hiyo yupo Danaus chrysippus, binamu wa mfalme, wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Kiwavi wake anafanana na wa mfalme ila ana jozi tatu za nyuzi badala ya mbili. Kandokando ya Nairobi watafiti wamekuta makundi ya vipepeo hawa yenye majike wengi mno, kwa sababu bakteria aitwaye Spiroplasma huua madume wangali wachanga. Mambo mazito hayo yako kwenye vichaka vya barabarani, siyo mbali na kituo cha basi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukikuta kiwavi, kabla hujavua kandambili, angalia vitu vitano: yuko juu ya mmea gani, yuko peke yake au umati, ana manyoya au laini, rangi zimepangwaje, na ni mwezi gani. Mwenye manyoya usimshike kwa mkono mtupu, maana wapo wanaowasha kwelikweli. Huyu egle wangu hana neno kwa watu wengi, ila mwenye ngozi nyepesi avae glovu. Kama ni viwavijeshi wako kwenye mahindi ya bibi, hiyo ni kesi nyingine, chukua hatua haraka. Lakini kama humjui, muulize jina kwanza. Hukumu ije baadaye.

Haya, mtihani wa takwimu Jumatatu na sijafungua hata desa. Ngoja nikabukue. Nikipata habari za boksi nitawajuza.

Tupo pamoja.